Kinyozi wa Hadithi za Mauaji

Kinyozi wetu aliua watu kila wiki, na sisi tulipanga foleni kumsikiliza. Aliwaua kwenye karatasi tu. Hadithi yake ilipaswa kwisha kabla povu halijakauka kidevuni mwa mteja, kwa hiyo hakuwa na muda wa kueleza mawingu. Mtu anaingia, anachomwa bisibisi ya shingo, muuaji anajulikana, lete taulo. Mimi, fundi viatu wa mlango wa pili, nilikuwa naacha soli kwenye gundi nikimbilie benchi lake.

Wa kwanza kusomewa kila hadithi alikuwa mdogo wake wa kike, aliyefua taulo pale pale. Mwanamke mkimya, mikono mirefu ya gauni hata jua likiwaka. Alimsahihisha kaka yake bila kuinua macho kutoka kwenye beseni.

"Mtu akichomwa na pasi, kaka, hapigi kelele papo hapo. Kwanza ananusa."

"Ananusa nini?"

"Ngozi yake."

Kinyozi akaandika huku anacheka kwa raha. "Huyu ana kichwa huyu," akatuambia. Benchi zima la watu wazima, na hakuna aliyejiuliza kichwa hicho kilisomea wapi.

Siku moja aliyekaa kitini alikuwa shemeji yake, mume wa huyo dada, dereva wa lori, mcheshi, mtu wa kununulia wenzake soda. Kichwa nyuma, koo juu. Kinyozi akamnyoa huku anamsimulia hadithi mpya: mume anambana mkewe vidole mlangoni, mke anapiga mayowe mpaka majirani wanakuja.

"Hapo umechemsha, shemeji," dereva akasema, macho kayafumba. "Hapigi mayowe. Anaachama tu, sauti inagoma. Ukiusukuma mlango mara ya pili ndiyo inatoka."

Wembe ukasimama. Asubuhi ile, mimi nikiwepo, dada alikuwa amesema maneno hayo hayo, na kinyozi akayakataa kwa kuwa wateja wanapenda kelele.

"Mdogo wangu, hebu nioneshe mkono."

Akautoa majini. Kucha zilikuwa nyeusi, kidole kimoja kimepinda.

Kinyozi akamkamata shemeji yake nywele, akakandamiza wembe kooni. Damu ikaingia kwenye povu, ikashuka kifuani. Dereva akajikojolea kitini, hakuthubutu hata kumeza mate. Nasema la moyoni: nilitaka amalizie.

Dada ndiye aliyemshika kaka yake kifundo cha mkono. "Ukimuua utafungwa. Mimi nitabaki na ndugu zake."

Wembe ukaanguka. Lakini nywele hakuziachia. Alikibamiza kile kichwa kwenye ukingo wa sinki, akakibamiza tena, jino likaruka, pua ikalala upande. Nilipofanikiwa kumvuta kinyozi, dereva alitoka kwa magoti, nusu ya uso imenyolewa, nusu povu jekundu.

"Mdogo wangu haondoki hapa," kinyozi akamwambia. "Mfuate uone."

Kisha akaketi sakafuni katikati ya nywele na damu, akaanza kulia kwa sauti. Dada akachutama mbele yake, akamfuta mikono kwa taulo safi.

"Kwa nini hukuniambia, mdogo wangu? Kwa nini?"

"Nilikuambia kila siku," akasema. "Wewe ukawa unaandika."