Delmar Vondra Azunguka Kaunti Yake

Delmar Vondra aliuza matrekta yaliyotumika katika Kaunti ya Sennet, Nebraska, kwa miaka thelathini na minane, na hakuna shamba hata moja ambalo hakuwahi kuingiza gari lake. Ukimuuliza njia ya kwenda kwa mtu, alikuelekeza kwa mashine: pita ile kombaini ya kijani, kisha kata kulia penye plau lililovunjika jino. Lakini maji ya ziwa la kaunti hakuwahi kuyatia hata kidole. Na vile vilima vya mchanga ambavyo watu hutoka Chicago kuja kuvipiga picha, yeye aliviona ni mahali ambapo hapauziki trekta.

Kwa hiyo mkewe Arlys aliposema, mwezi wa Februari, wakila samaki wa Ijumaa kwenye ukumbi wa kanisa, kwamba anataka nyumba iuzwe, wanunue gari-nyumba na kuishi barabarani, Delmar aliweka uma chini.

"Nyumba gani?"

"Kwani tunazo ngapi, Delmar?"

Hakubishana naye. Mtu anayeijua biashara habishani na mteja aliyeshikwa na hamu. Humwachia bidhaa aijaribu mpaka imchoshe. Alimwambia watakodi gari-nyumba wiki moja mwezi wa Juni, waizunguke kaunti yao wenyewe. Siku saba kamili. Atakayetamka "turudi nyumbani" kabla ya siku ya saba kwisha, ameshindwa. Akitamka Arlys, habari ya kuuza nyumba isisikike tena. Akitamka Delmar, kibao cha dalali kisimikwe uani. Wakapeana mikono juu ya saladi ya kabichi, na Delmar akarudi kwake akipiga mluzi. Nyumba ile alikuwa ameipaka rangi kwa mikono yake mara sita, na karakanani kila spana ilikuwa na msumari wake. Hakuwa na nia ya kuipoteza.

Gari walilikodi kwa Kermit Stohl, mkulima mstaafu aliyelikodisha kila alipokuwa halitumii. Lilikuwa na urefu wa futi thelathini na moja, na ubavuni limechorwa tai. Ndani mlikuwa na jiko, friji, bafu la kuogea umejikunyata, na televisheni mbili, moja ikitazama nje, kwa ajili ya watu wanaopenda kukaa porini.

Kermit alichuchumaa karibu na gurudumu la nyuma, akashika kipini cheusi. "Hiki ni cha kufungulia tangi la choo. Hata mkifika kambi yenye shimo la maji machafu, Delmar, ukishaunga mpira wa kumwagia, usi—"

"Matairi haya ni ya mwaka gani, Kermit?"

"Mwaka juzi. Ninasema hiki kipini usi—"

"Mwaka juzi mwanzoni au mwishoni? Maana bei uliyonitajia ni ya matairi mapya."

Wakaenda hivyo mpaka Kermit akapunguza dola arobaini ili apate kwenda kula chakula chake cha mchana. Delmar akapanda gari ameridhika. Katika maelezo yote ya saa nzima, alichokisikia ni ile arobaini.

Siku ya kwanza alichagua kuegesha kwenye bustani ya kijiji kimoja upande ambao upepo hutokea kwenye zizi la kunenepeshea ng'ombe elfu nane. Akafungua madirisha yote, akangoja. Arlys akavuta pumzi ndefu.

"Baba alifanya kazi mahali kama hapa," akasema. "Jioni tulikuwa tunamnusa kabla hatujasikia gari."

Akalala kama mtoto aliyeshiba. Delmar alilala na taulo usoni.

Siku ya pili akampeleka ziwani, kwenye mbu. Kambi ilikuwa imejaa. Watu wenye mashamba ambayo jirani huonekana kwa darubini walikuwa wamelipa ili wakae hatua nne kutoka kwa mtu wasiyemjua, na jambo hilo waliliita kujitenga na watu. Wengi walikuwa ndani, mapazia yamefungwa, viyoyozi vikinguruma. Lakini gari-nyumba jipya lilipoingia wanaume wote walitoka na viti vyao vya kukunja. Huo ndio mchezo wa kambi: mume hurudi nyuma, mke husimama kule mwisho akipunga mikono, wote wawili hupaza sauti, na watazamaji hukadiria ndoa ina miaka mingapi na imebakiza mingapi.

Delmar alijaribu mara nne. Ya nne aliiangusha nguzo yenye namba ya kiwanja.

"Bwana mkubwa," alisema Burdette, mpeleka barua mstaafu kutoka Iowa ambaye alikuwa hapo tangu Aprili na kwa hiyo alihesabiwa mwenyeji. "Sisi hatuna haraka. Ila nguzo zenyewe zimebaki chache. Mpishe mama."

Arlys akapanda, akalirudisha gari mara moja, kama mtu anayesukuma droo ndani ya kabati. Alikuwa ameendesha basi la shule miaka ishirini na miwili. Delmar alilijua hilo. Ila hakuwahi kulichukulia kuwa ni kuendesha gari.

"Huyu umemtoa wapi?" Burdette akauliza.

"Ni mke wangu."

"Sijakuuliza ni nani."

Kuanzia hapo mambo yalimwendea Delmar mrama. Arlys aliazima mtumbwi, akavua kambare, akajifunza majina ya ndege, na kufika Jumatano kambi nzima ilikwishajua mapatano yao, nusu wakimshangilia yeye waziwazi. Delmar alijigonga kichwa kwenye kabati lile lile kila asubuhi. Kitandani mtu hakuweza kugeuka bila kuomba ruhusa ya mwenzake. Jambo moja tu lilimpa faraja: tangi la choo. Wenzake walivaa glavu na kumwaga matangi yao kila baada ya siku mbili tatu. Yeye aliunga mpira mara moja tu, siku waliyofika ziwani, akakifungua kile kipini, akakiacha wazi, vitu vijiendee vyenyewe. Aliwatazama wenzake akawaonea huruma.

Siku ya tano asubuhi choo kilikataa.

"Kipini ulikiacha wazi?" Burdette akauliza.

"Tangu tulipofika."

Burdette akaanza polepole, kama mtu anayetafuta maneno ya kumpa mfiwa. "Basi maji yalishatangulia. Yale mengine yamebaki humo. Yamekaa kilima."

Viti vikatoka. Wanaume kumi na mmoja. Mmoja alikuja na sahani yake ya mayai. Delmar akapewa mpira wa maji, ufito mrefu, na ushauri.

"Choma kwa chini."

"Usimdanganye, achome kwa juu."

"Zungusha, rafiki, zungusha. Hujawahi kukoroga uji?"

Upepo ulipobadilika walihamisha viti, lakini hakuna aliyeondoka. Bibi mmoja aliwaletea watazamaji keki. Baada ya kuchoma kwa saa tatu nzima, tangi lilikoroma, likatoa lililokuwa nalo, sehemu kwenye shimo, sehemu kwenye suruali ya Delmar. Akaketi kwenye ngazi ya gari.

"Arlys," akasema. "Turudi nyumbani."

Burdette akavua kofia.

Arlys ndiye aliyeendesha, maili arobaini. Delmar alikuwa ameoga chini ya mpira mara mbili lakini alikaa karibu na dirisha. Walipoingia uani aliitazama nyumba yake, rangi yake, mlango wa karakana yake.

"Kesho nitampigia dalali," akasema.

Arlys akazima injini. "Nyumba kaa nayo. Mimi nataka gari, na kuanzia Mei mpaka Septemba nataka niwe barabarani. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, friji unaijua ilipo."

Damu ikamrudia Delmar, na iliporudi tu, mdomo ukafunguka wenyewe kwa mazoea.

"Juni mpaka Agosti."

"Aprili mpaka Septemba."

"Mei umeitaja mwenyewe, Arlys, sasa hivi."

"Kabla hujaitaja Juni."

Delmar akamtazama. Kama Arlys angeomba miezi hii mle ukumbini Februari, yeye angempa wiki mbili na kujiona karimu. Sasa anapewa nyumba yake mwenyewe na karibu anashukuru. Alikuwa ameketi mezani na wafugaji, watu wa benki na wajane wa wakulima, na hakuna aliyewahi kumfanyia hivi. Akafungua mdomo tena.

"Oktoba nayo wanaisifu," Arlys akasema, akitazama kioo cha mbele.

"Aprili mpaka Septemba," Delmar akasema haraka, akamnyooshea mkono.

Arlys aliutazama mkono ule. Hakuupokea.

"Kaoge kwanza," akasema. "Kwa sabuni."