Kuifuata Kadi Namba Kumi na Saba Hadi Durban

Niliondoka Tanga mwezi wa Julai mwaka 1998 kwa ajili ya kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Najua inavyosikika. Dada yangu aliponisindikiza stendi alisema, "Zena, watu wanakwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, wewe unakwenda kutafuta picha." Nikamjibu kwamba picha hiyo naijua ilipo, na hilo ni zaidi ya wanachojua hao wanaotafuta maisha.

Mimi ni mkataji karatasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Miaka kumi na miwili kabla ya safari hii nilinunua koti la mtumba, na katika mfuko wake wa ndani nikakuta kadi yenye picha ya kijana wa Kimarekani aliyeinua gongo begani, anasubiri mpira. Ilikuwa kadi ya besiboli, mchezo ambao mpaka leo sijauona ukichezwa mbele ya macho yangu. Lakini karatasi naijua. Nilipoishika ile kadi nilitambua kuwa imechapwa kabla sijazaliwa, tena na fundi aliyeipenda kazi yake. Baadaye nikaja kujua kwamba zamani kampuni za chingamu ziliweka kadi moja katika kila pakiti, na watoto wakazikusanya. Nikaanza kuandikiana barua na wakusanyaji wa Marekani, mimi nikiwapelekea stempu zetu, wao wakinipelekea kadi.

Kufikia mwaka huo nilikuwa na kadi ishirini na tatu za seti ya ishirini na nne. Iliyokosekana ni namba kumi na saba: mdakaji aliyepandisha barakoa yake ya waya juu ya paji la uso, anacheka. Inasemekana bamba la kuchapia picha hiyo lilipasuka mashine ikiwa ndiyo kwanza imeanza kazi, zikatoka chache tu. Wapo wakusanyaji wa hukohuko Marekani waliozeeka bila kuitia machoni.

Ndipo ikaja barua ya Salma, binti wa kaka yangu, aliyekuwa akisoma Westville, pembeni mwa Durban. Aliandika kwamba alikwenda kusuka nywele kwa mama mmoja wa Kikongo, akamsimulia kichekesho cha shangazi yake na kadi zake. Yule mama hakucheka. Alisema bibi aliyempangisha chumba anazo picha kama hizo, tisa, ndani ya kopo la biskuti. Salma akaenda kuziangalia. "Shangazi," aliandika, "iko mmoja ana waya juu ya kichwa, anacheka." Nilisoma sentensi hiyo nimesimama. Kesho yake nikaomba likizo zangu za miaka miwili nilizokuwa nimezilimbikiza.

Siku ya kwanza hadi ya tatu: basi mpaka Dar es Salaam, halafu treni ya kwenda Zambia. Nilipata kitanda cha juu katika behewa la wanawake, nikawa na wafanyabiashara watatu wa vitenge waliotaka kujua nauza nini. Nilipowaonyesha albamu yangu mmoja aliuliza kama hao vijana ni wachumba zangu. Tulicheka mpaka Mbeya. Mpakani, afisa wa forodha alifungua albamu, akapekua kurasa zote, akaniuliza kama ni dini. Nikamwambia bado.

Siku ya nne na ya tano: Kapiri Mposhi, Lusaka, Harare, basi baada ya basi. Miguu ilivimba, lakini sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Kila nilipofumba macho nilimwona mdakaji wangu akicheka.

Siku ya sita: Johannesburg, na baridi ambayo mtu wa Tanga hawezi kuisimulia akaaminiwa. Nilivaa nguo zangu zote kwa pamoja. Asubuhi nikapanda basi la Durban. Nyasi za nyanda za juu zilikuwa zimekauka rangi ya mkate, kisha barabara ikaanza kuteremka, na kila kilomita nikawa navua nguo moja. Mchana tulipoingia mjini nilikuwa nimebaki na gauni na mtandio, kama mtu.

Durban. Salma alinipokea amenenepa kidogo na anachanganya lugha tatu katika pumzi moja. "Shangazi, tunashuka hapo baada ya robot," alisema ndani ya teksi, akimaanisha taa za barabarani. Hata kabla sijaoga nilitaka kwenda Bluff, anakokaa yule bibi wa kopo. Alinikatalia. "Eish, Shangazi! Kadi imekaa miaka hamsini, itakimbia leo?"

Kesho yake tukaanzia kwa Mama Odette, yule msusi. Saluni yake mjini ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu vya kusukia na vibanda viwili vya simu pembeni, maana wateja wake walisuka na kupiga simu nyumbani kwao Bukavu na Uvira kwa safari moja. Alinikumbatia kama ndugu.

"Karibu, maman Zena! Ile bibi iko nyumbani, iko anakungojea. Lakini nakuambia mbele: hatauzisha. Watu walishamuuliza, alikatala."

"Hao hawakuwa mimi," nikasema.

Mama Odette alinitazama, akatabasamu. "Bon. Tutaona."

Bluff ni mkono wa nchi ulioingia baharini kando ya bandari, na ndiko walikoletwa mababu wa Bi Asha, yule bibi mwenye kopo; ni wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban, zaidi ya miaka mia moja nyuma. Bi Asha mwenyewe alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mikono mikubwa ya mfuaji. Alizungumza Kiswahili cha baba yake, polepole, akisimama kutafuta neno kama anayechagua mchele. Aliishi na binti yake, na Mama Odette alipanga chumba cha nyuma.

Baada ya salamu na chai alileta kopo. Nilinawa mikono, nikaifuta ikakauka kabisa, nikatoa miwani yangu ya kukuzia. Kadi zilikuwa tisa. Ya sita ndiyo namba kumi na saba.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta nakala ya siku hizi, maana ziko nyingi. Niliitazama ukingoni: imekatwa kwa kisu cha mashine ya zamani, kile kinachoacha nyuzi. Nikatazama rangi: vitone vimejipanga sawasawa. Nikainusa.

"Ni yenyewe," nikamwambia Salma.

Kisha nikamgeukia Bi Asha, nikamwekea mezani nilivyovibeba: kanga jozi nne za Tanga, na kadi sita nzuri za akiba ambazo mkusanyaji yeyote angezipokea kwa mikono miwili. Nikamweleza habari ya bamba lililopasuka, na seti yangu, na miaka kumi na miwili. Nilizungumza vizuri, nasema kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, ingekuwa yangu ningekupa bure," alisema. "Si yangu. Ni amana."

Ndipo akatusimulia. Mwaka 1944 alikuwa binti wa miaka kumi na saba, anafua nguo za mabaharia na mama yake. Baharia mmoja wa Kimarekani, kijana, alileta mfuko wa nguo, akasema atazifuata Ijumaa. Kadi zilikuwa ndani ya mfuko wa shati, zimefungwa kwa kitambaa. Ijumaa ilifika, meli ilikuwa imekwishaondoka. Mama yake aliziweka, na alipokuwa anakufa alimwambia, yule akija apewe vitu vyake.

"Miaka ya sitini serikali ikatufukuza hapa Bluff, ikatupeleka Chatsworth," alisema. "Thelathini na zaidi nimekaa kule nawaza, je, akija? Sheria ilipobadilika nikamwambia binti yangu atafute nyumba huku huku. Akija, hapa ndipo anapopajua."

Binti yake, aliyekuwa mlangoni, alitikisa kichwa. Ilikuwa wazi kwamba jambo hilo walikuwa wameligombania mara nyingi.

Sikuwa nimevuka nchi nne ili nirudi na hadithi. Nikamuuliza kama analijua jina la huyo baharia. Alilijua: jina lake lilikuwa limeandikwa kwa wino kwenye ukosi wa shati, pamoja na jina la mji mdogo katika jimbo la Ohio. Alikuwa amelinakili kwenye karatasi iliyokuwa chini ya kopo. Mimi hapa nitamwita Bwana Walter tu.

"Nikimpata," nikasema, "na yeye akikubali kuniachia hii moja?"

"Akikubali yeye, chukua."

"Basi nitampata."

Siku tatu zilizofuata nilizitumia Westville. Salma alinipeleka kwenye chumba cha kompyuta cha wanafunzi, akaniandikia barua ya umeme kwenda kwa mwenzangu mmoja wa kuandikiana, mkusanyaji wa hukohuko Ohio. Mimi nilikuwa sijawahi kugusa kompyuta. Nilimsomea maneno, yeye akayapiga. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Salma alianza kunipeleka ufukweni ili nisikae nikiitazama ile mashine. Siku ya tatu jibu lilikuwepo: mji ule una kitabu kimoja cha simu, chembamba, na jina hilo limo mara moja tu. Mwenzangu alikuwa amekwishapiga. Ni yeye. Yu hai, na atasubiri kando ya simu kesho saa nne asubuhi ya kwao.

Saa kumi jioni ya Durban tulijazana kwenye saluni ya Mama Odette. Bi Asha alikuja amevaa baibui jipya, na binti yake amemshika mkono. Wateja waliokuwa wakisukwa walikataa kuondoka. Mama Odette alibonyeza kitufe cha sauti kubwa ili wote tusikie, na simu ikalia huko ng'ambo.

Walizungumza Kiingereza. Sauti ya Bwana Walter ilikuwa nzito, ya kukwaruza.

"Wewe ndiye yule binti mdogo au ni mama?" aliuliza.

"Ndiye binti. Mama amefariki. Kwa nini hukurudi Ijumaa?"

Yule mzee alivuta pumzi. "Tuliamriwa kung'oa nanga Alhamisi usiku. Nililia, bibie. Si kwa ajili ya nguo."

"Nguo hazipo," Bi Asha akasema haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Shati mbili alivaa baba yangu. Suruali tulimpa jirani. Nisamehe. Lakini zile picha zipo zote tisa."

Mama Odette akainama kuangalia kama laini imekatika. Kisha tukasikia yule mzee analia. Alipoweza kusema alieleza kwamba zilikuwa za kaka yake. Alimpa siku walipoagana kwenda vitani, kila mmoja upande wake, na kaka hakurudi.

Bi Asha alikuwa mtu wa ahadi. Alinitazama, akasema kwenye simu, "Yuko mwanamke hapa. Ametoka mbali sana, na yeye ndiye aliyekutafuta. Anaomba moja."

Nilisogea karibu na simu.

"Mwambie ninamshukuru mpaka kufa," alisema Bwana Walter. "Lakini anisamehe. Ninazitaka zote."

Watu wote walinigeukia. Sitadanganya, nilihisi kama nimemwagiwa maji ya Johannesburg. Nilikuwa na uhakika kwamba atakubali. Sikuwahi, hata ndani ya basi, kuwaza jibu lingine. Lakini nikiangalia mikono ya Bi Asha iliyoshika simu, niliona jambo la kusema lilikuwa moja tu.

"Mwambie ni zake," nikasema. "Na mwambie nitazifunga mimi, maana huku hakuna anayejua kufunga kadi kunishinda."

Asubuhi yake nilizifunga, mezani kwa Bi Asha. Nilikata karatasi ngumu kwa kisu changu, kila kadi ikapata kitanda chake na blanketi lake. Mdakaji nilimwacha wa mwisho. Nilimtazama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, nikamfunika. Tukaenda posta pamoja, tukatuma kwa rejista. Bi Asha alitoka pale akitembea mbele yetu, bila kushikwa mkono, na binti yake akabaki ameduwaa kando ya barabara.

Siku mbili baadaye nikaanza safari ya kurudi, barabara ileile, baridi ileile. Katika treni abiria mwenzangu aliniuliza nimenunua nini Durban. Nikasema sikununua kitu. Alinihurumia, na mimi sikuona haja ya huruma yake.

Nilikuwa najisifu kwamba mkusanyaji ni mtu anayejua kutafuta, na katika hilo bado sijampata wa kunishinda. Kadi ile iko nyingine mahali fulani, na nitaipata. Lakini Bi Asha hakutafuta chochote. Alitunza kitu asichokielewa, cha mtu asiyemjua, akakipitisha katika kufukuzwa na kuhama na uzee, kikafika bila kukunjwa hata pembe moja. Mimi nakata karatasi kwa kazi, na najua ugumu wa jambo hilo. Siku hizi nikionyesha albamu yangu kwa watu, nawaambia kwanza habari za waliozitunza kadi hizo kabla yangu, wale ninaowajua, ndipo nawaambia za wachezaji.

Mwezi wa Oktoba Salma aliniandikia. Kifurushi kilifika salama Ohio. Na Bi Asha amehama Bluff, amerudi Chatsworth kwa jamaa zake, baada ya kumtangazia binti yake, huku akifunga virago mwenyewe, kwamba hajawahi kuupenda upepo wa Bluff.