Kokugonza Anayesindikiza Magunia Mpaka Melini

Saa mbili asubuhi, nje ya maduka ya Nshamba, wilayani Muleba, lori limekwisha kushusha sukari na sabuni. Kokugonza Byabato, mwenye umri wa miaka 47, anashona mdomo wa gunia la mwisho kwa uzi mwekundu, kisha anapanda mbele, pembeni ya dereva, bila kukaribishwa.

"Bado huniamini tu, mama?" anauliza dereva, Lameki.

"Wewe endesha, baba."

Kazi ya mama huyu ni kukusanya nailoni, maboksi na chupa tupu madukani. Mfanyabiashara wa jumla wa Bukoba aliyemwajiri alisema hataki malori yake yarudi matupu. Yabebe taka hizo hadi mjini, zivushwe ziwa kwenda kiwandani Mwanza kutengenezwa upya. Kila duka lilibandikwa tangazo la kijani: "Hapa tunatunza mazingira." Kokugonza hulipwa kwa kilo, na siku njema hupata shilingi elfu nne.

Masika ya mwaka jana alikwenda mtaa wa Nshambya, mjini Bukoba, kumjulia hali shangazi yake. Nyuma ya kibanja cha migomba cha jirani palikuwa na shimo linalofuka moshi mweusi, migomba ya kando imebabuka majani. Akasogea.

"Nikaona gunia ambalo halijashika moto vizuri. Uzi wangu mwekundu huo hapo," anasimulia.

Jirani alimwambia lori huja kila wiki.

Aliporudi Nshamba hakuficha. Joanitha, mwenye duka la rejareja, alimkazia macho. "Waitu, mwenzangu, chupa hizi tunaziosha kwa maji ya kununua. Kumbe tunazioshea moto! Na wewe hukujua?"

Swali hilo la mwisho, anasema, lilimchoma kuliko ule moshi. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyempa hata boksi moja.

Alipombana Lameki, alijibiwa: "Niliambiwa nimwage pale, nikamwaga." Tajiri naye alisema gharama za kuvusha mzigo zilimlemea, akamwahidi Kokugonza cheo cha usimamizi, mradi mambo yaishe kimyakimya.

"Cheo cha kunyamaza sikukitaka. Nikamwambia, kama mzigo unakwenda Mwanza kweli, basi nami nipande lori nikaone."

Tajiri alikubali shingo upande, maana maduka ya Nshamba yalishaanza kuagiza kwa mwingine.

Tangu hapo Kokugonza hushuka bandarini na kusimama mpaka gunia la mwisho liingie melini. Joanitha amerudi kumpa chupa, ingawa hutoka mlangoni kila mara kuhakikisha kwamba amepanda.

Hata hivyo, moyo wa mama huyu haujatulia. "Hapa Bukoba nimeona. Ng'ambo ya ziwa sijaona. Nao wanaweza kuwa na shimo lao."

Kwa hiyo anadunduliza nauli. Kahawa ikishavunwa, anataka avuke na mzigo, afuatane nao hadi kiwandani.

"Nitasimama mbele ya hiyo mashine," anasema, "nione chupa za Nshamba zikiingia. Nimechoka kuambiwa."