Jina Ambalo Polisi Hakulisoma

Juzi binti yangu aliniomba nimwandike mwanasesere wake kwenye kaye ya nyumba, lile daftari la majina ya wote wanaolala kwetu. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Alasiri ile, uani kwetu mtaa wa Bwiza kulinukia ndagala za kukaanga. Polisi wa msako alisoma majina yetu kwenye kaye kwa sauti, nami nikasimama wima kwa fahari, nikidhani serikali imekuja kutusalimia mmoja mmoja. Alipofunga kaye, nilimwonea huruma mama mdogo, aliyefika jana yake kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na jina lake halikuwamo.

"Papa polisi, umesahau mama mudogo! Eko nyuma ya pazia!"

Mama aliangusha mwiko.

Polisi alipomtoa mama mdogo nilimpungia mkono kwa furaha, nikiamini anapelekwa kuandikwa. Hakurudi.

Yule mwanasesere nimemwandika.