Felomena na sare za unyago wa Nandagala

Saa mbili kasoro asubuhi, mjini Nachingwea. Fundi Felomena Saturnini anakanyaga cherehani, jicho moja liko kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kopo la vifungo. Anazima data, anaiwasha, anaizima tena. Anajaribu programu ya kutunzia vipimo vya wateja, na safari hii hana haraka.

Haraka ilishamponza. Mwaka jana alipakua programu nyingine, nzuri machoni, imejaa picha za magauni, imeandikwa ni ya bure. Akaingiza humo vipimo vyote, vikiwemo vya akina mama wa Nandagala, wilayani Ruangwa, waliotaka sare ya unyago. Alikwenda kuwapima mwenyewe, nauli ikamtoka shilingi 24,000.

"Mwalimu Wenceslaus, jirani yangu hapa, aliniambia nitumie jedwali la kawaida la kwenye simu, halihitaji hata mtandao," anasema. "Nikamcheka. Niliona ananirudisha nyuma."

Kumbe ile bure ilikuwa ya majaribio tu. Siku chache kabla ya mwali, binti aliyekuwa akichezwa unyago, kutolewa ndani, programu ikajifunga na kudai malipo kwa kadi ya benki. Felomena hana kadi. Kama wafanyabiashara wengi wa hapa, pesa zake zote zinapita kwenye simu.

"Hela ninayo, programu haiitaki! Nilitamani kuitupa simu chooni."

Angeweza kupiga simu Nandagala, akaeleza yaliyomkuta, akaenda kupima upya. Muda ulikuwepo. Lakini aliona haya, akakata vitambaa kwa kukisia.

Sare zilifika asubuhi ya sherehe. Nyingi zilivalika, japo kwa kubana. Ya Bi Zuena, bibi yake mwali, haikupita hata mabegani. Bibi huyo ndiye aliyemlea mjukuu wake tangu mama wa binti alipofariki, na ndiye aliyepaswa kutangulia mbele yake akitolewa siku hiyo.

"Mwanangu, hili gauni umemshonea nani?" alimuuliza Felomena, bila hata kupandisha sauti.

Akajifunga kanga zake za nyumbani, akacheza nyuma kabisa ya wenzake. Felomena alisimama pembeni, machozi yanamlenga.

"Nilimrudishia fedha yake, akapokea, akanishukuru. Bora angenitukana."

Programu anayoijaribu sasa ni ya shilingi 3,000 kwa mwezi, inalipiwa kwa simu, na vipimo vinaonekana hata mtandao ukikatika. Kabla ya kuikubali alitaka kujua kama anaweza kuvitoa humo siku akiamua kuhama. Hata hivyo, jedwali la mwalimu nalo amelijaza.

"Siamini tena kitu kimoja," anasema, anacheka kidogo.

Msimu wa korosho ukiisha atakwenda Nandagala kumpima Bi Zuena upya na kumshonea gauni bila malipo. Kitenge ameshanunua, rangi ileile ya sare.

"Gauni litamkaa, hilo halinitishi," anasema, akikishikashika kile kitambaa. "Ila mjukuu mwingine wa kike wa kumcheza unyago hana."