Sufuria Juu ya Waifai

Binti yangu, kitinda mimba, tangu utotoni haachi kitu mpaka akijue kilivyo. Sasa anaandika programu zinazoiwezesha kompyuta kushika waifai. Kazi nzuri, ila wiki ile ilikuwa inamponyoka.

Wateja walilalamika: intaneti inaanza kwa kasi, kisha inakuwa kobe, haipandi tena mpaka kompyuta izimwe. Ofisini hitilafu hiyo iligoma kujitokeza. Bosi akamwambia asipoipata kufikia Ijumaa, mkataba hauongezwi. Akaja na kazi nyumbani.

Nyumbani ikajitokeza, kila alasiri, wala hakujua kwa nini.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa kinyozi wa chumba cha chini. Kila alasiri huketi kwenye ngazi zetu na simu, akicheka peke yake. Mtu acheke bure mlangoni kwa wenzake, kama si kunyonya waifai yao? Kwa hiyo akija tu, nilikifunika kile kisanduku cha waifai kwa sufuria kubwa. Akiondoka, nafunua. Sikusema, mwanangu alikuwa na yake ya kutosha.

Alhamisi akatoka chumbani ghafla, akanikuta sufuria mkononi.

"Mama! Unapika waifai?"

"Naificha. Mwizi yuko ngazini."

"Huwa unafanya hivi kila siku?"

"Kinga ni bora kuliko tiba, mwanangu."

Nilingoja anifokee. Akaketi sakafuni na kompyuta yake. "Funika." Nikafunika. "Funua." Nikafunua. Akapiga kelele kama aliyeona mwezi.

"Kompyuta na kisanduku hupatana mwendo wa kuzungumza, mama. Kikiwepo kizuizi vinapunguza, kikiondoka vinajaribu kupanda. Hii yetu ikishashuka, haijaribu tena!"

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Ndiyo hiyo! Nitaifundisha kujaribu."

"Kwa hiyo kinyozi hana kosa?"

"Hana hata neno letu la siri." Akakohoa. "Labda nilimpa mara moja."

Akainamia kompyuta kwa bidii nisiyoielewa.

Ijumaa mkataba ukaongezwa. Sufuria yangu ameipeleka ofisini, eti ni kifaa cha majaribio. Alasiri hii kinyozi ameketi ngazini, anacheka na simu, nami sina cha kumfunikia. Nimetega sikio: chumbani mwa binti yangu nako kunachekwa.