Barua Katika Mfuko wa Shati

Hotelini kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mifuko, kwa sababu hakuna vazi lililoingia mashineni kabla hajalipekua mifuko. Kwa miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia amerudisha pete, funguo, meno ya bandia ya mgeni mmoja, na barua ya mapenzi ya mpishi mkuu ambayo haikutoka kwa mkewe. Hiyo aliikunja vizuri akamwekea ndani ya kofia yake safi. Mpaka leo mpishi akimwona hukohoa.

Mimi ndiye msimamizi wa chumba hicho. Nilipoanza kazi sikujua hata kukunja shuka lenye mpira pembeni, yeye ndiye aliyenishika mikono akanionyesha. Nilipopandishwa cheo alifurahi kuliko mke wangu. "Mwanangu kawa bosi!" aliwatangazia wote, hata fundi aliyekuja kutengeneza bomba.

Kila mwisho wa mwaka meneja hunipa fomu ya kila mfanyakazi, na chini kabisa kuna mistari mitatu ya maoni yangu. Ya Mama Mifuko ilinichukua dakika moja: Mtulivu. Hana malalamiko. Ameridhika. Nilidhani namsifu, na nilikuwa na haraka ya kwenda kula.

Mwaka huu tukaajiri binti mmoja mchangamfu, Mama Mifuko akapewa kazi ya kumfundisha. Binti sina neno naye, alishika kazi upesi. Ila asubuhi moja alitupa sare yake kapuni na hati yake ya mshahara imo mfukoni.

Mama Mifuko aliniletea hiyo hati mezani.

"Ilikuwa imekunjamana, nikaipiga pasi," alisema. "Utampa mwenyewe." Lakini hakuondoka. "Mwanangu, huyu mtoto ananizidi mshahara kwa theluthi nzima. Kuna kosa nimefanya?"

"Hapana, mama."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Nilijua tangu siku ya kwanza. Binti alisema anatakiwa na hoteli nyingine, wakampandishia, nami nikaweka sahihi.

"Sikujua," nikamjibu.

"Nilijua tu," alisema, uso ukamkunjuka. "Ungejua usingenyamaza." Afadhali angenizaba kibao.

Roho ilinisuta mpaka mchana, nikamwambia naenda kumsemea, nikapanda kwa meneja. Nilimkuta anakula biskuti juu ya mafaili. Nikamwaga maneno yote: miaka kumi na tisa, mwalimu analipwa chini ya mwanafunzi, haki iko wapi? Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili la Mama Mifuko, akanigeuzia. Mwandiko ulikuwa wangu. Ameridhika, mwaka juzi. Ameridhika, mwaka jana.

"Mimi nyongeza nampa anayelalamika," alisema. "Huyu uliniambia wewe mwenyewe hana shida. Au ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza hata mara moja.

"Basi niandikie barua useme hivyo, nirekebishe. Ila nakala itaingia kwenye faili lako." Na alijua, kama nilivyojua, kwamba mwezi ule jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo tena.

Niliporudi chini Mama Mifuko alikuwa ananisubiri mlangoni. "Wamesemaje?"

"Bajeti imefungwa, mama." Uwongo wa pili, siku hiyohiyo.

"Si kitu. Asante kwa kunisemea."

Jioni nilianza ile barua. Niliandika: Mimi msimamizi nakiri kwamba niliandika ameridhika bila kumuuliza, na kwamba habari za mshahara wa mfanyakazi mpya nilikuwa nazo. Hapo kalamu ikanigomea. Nikamfikiria mke wangu, nikaifikiria kodi ya nyumba, nikaikunja ile karatasi na kuitia mfukoni. Kisha nikavua shati la kazi, nikalitupa kapuni kama kila siku, nikaenda zangu nyumbani. Mtu mzima na akili zangu, nilitupa shati kwenye kapu la Mama Mifuko!

Asubuhi shati langu lilikuwa limetundikwa mahali pake, limenyooka, kola imesimama. Yeye alikuwa amenipa mgongo, anapiga pasi foronya.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, bosi. Karatasi yako iko mfukoni." Pasi ilienda ikarudi. "Hujaimaliza."

Nilikaa palepale juu ya kapu la shuka nikaimaliza, nikaweka sahihi na kuipeleka juu mwenyewe kabla sijabadili mawazo. Jina langu likaondolewa kwenye orodha. Nyongeza yake ikatoka mwezi uliofuata, akaipokea, akashukuru kwa adabu.

Mashati yangu bado ananipigia pasi vizuri kama zamani. Na bado ananiita bosi, si mwanangu.